HAMAMATSU: MJI WA PIKIPIKI, PIANO NA CHEKECHE LA NOTI

Kila mwaka, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Mei, wakazi wa mji wa Hamamatsu nchini Japani huteremka kwenye vilima vya mchanga vya Nakatajima, kando ya Bahari ya Pasifiki, kwenda kurusha tiara. Tiara hizo si vitu vya kuchezea watoto. Nyingi zinamzidi mtu mzima kwa kimo, na kila mtaa una yake yenye alama ya mtaa huo. Nyumba ikijaliwa mtoto wa kwanza, tiara huandikwa jina lake ikarushwa ili akue na afya njema. Kisha huja vita vya angani. Kamba za mitaa mbalimbali hukutanishwa, zikasuguana mpaka moja ikatike, na shangwe zikapanda. Tangu asubuhi ufukoni hadi usiku barabarani, sauti inayowaongoza watu hao ni ya tarumbeta.

Mgeni aliyewahi kuishi kambini, au aliyelelewa katika nyumba za askari, atazitambua tarumbeta hizo mara moja. Ni zile fupi za shaba, zisizo na vitufe vya kubonyeza, ndugu moja na zile zinazowaamsha askari alfajiri. Tarumbeta ya namna hii haimpi mpigaji noti aitakayo. Yeye hubadilisha mkazo wa midomo tu, na bomba humruhusu noti nne au tano zifaazo kwa wito. Zilizo kati ya hizo bomba limezikataa. Hata hivyo, kwa noti hizo chache askari huamshwa, huitwa kula, hukusanywa, huzimiwa taa, na mwishowe huagwa kaburini. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya jeneza la mwenzake akalalamika kwamba noti zilikuwa pungufu.

Jambo hilo la noti chache kuruhusiwa na nyingine kuzuiwa, ambalo bomba la shaba hulifanya kwa maumbile yake, ndilo ambalo wanamuziki wa siku hizi hulifanya kwa makusudi ndani ya vinanda vya umeme na kompyuta. Na mtu akitaka kulielewa vizuri, mji wa Hamamatsu ni mahali pafaapo pa kuanzia, kwa sababu chombo kinachowezesha kazi hiyo kina mizizi katika karakana za mji huo na za mafundi wenzao wa Marekani.

MJI ULIVYO

Hamamatsu uko katika mkoa wa Shizuoka, kwenye njia kuu ya zamani iitwayo Tokaido, iliyounganisha Tokyo na Kyoto. Upande wa mashariki unapita mto Tenryu, na upande wa magharibi kuna ziwa Hamana lililofunguka baharini. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 790,000. Msafiri atokaye Tokyo kwa treni ya mwendo kasi hufika baada ya saa moja na nusu hivi. Anaposhuka huona kwanza jengo refu liitwalo Act City, lenye kimo cha mita 212, ambalo limejengwa kwa umbo linalokumbusha kinanda cha mdomo. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1994.

Chakula kinachosifiwa hapo ni mkunga wa ziwa Hamana. Hupasuliwa, huchomwa juu ya makaa huku akipakwa mchuzi mzito wa soya wenye utamu, kisha hulazwa juu ya wali wa moto. Mama wa nyumbani aliyezoea kuchoma samaki wa kupaka hatashangazwa na kazi hiyo, ila atashangazwa na bei.

Majina ya viwanda vya mji huu yanajulikana hata vijijini Afrika Mashariki. Soichiro Honda alizaliwa katika kijiji ambacho leo kimo ndani ya mipaka ya Hamamatsu. Mwaka 1946, Japani ikiwa imeshindwa vitani na usafiri ukiwa wa taabu, alichukua injini ndogo zilizokuwa zikizungusha mitambo ya umeme ya redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Kampuni ya Suzuki nayo ilianzia hapo mwaka 1909, ikitengeneza mitambo ya kufuma nguo. Kuhusu Yamaha, wavuvi wa ziwa Victoria huijua kwa mashine za mitumbwi, na vijana huijua kwa pikipiki. Wachache hukumbuka kwamba nembo yake ni uma tatu za chuma zilizopishana, zile zinazogongwa ili kupata sauti ya kulinganishia ala. Kampuni hiyo ilianza na vinanda, na pikipiki zilifuata mwaka 1955, zikitumia mashine zilizobaki viwandani baada ya kazi ya wakati wa vita ya kutengeneza mapanga ya ndege.

MAFUNDI SAA WAWILI

Historia ya muziki wa Hamamatsu inaanza na kinanda kibovu. Mwaka 1887 shule ya msingi ya mji huo ilikuwa na kinanda cha upepo kutoka ng'ambo, nacho kiliharibika. Akaitwa Torakusu Yamaha, fundi aliyejifunza kazi ya saa na aliyekuwa amefika mjini kutengeneza vyombo vya hospitali. Alikifungua, akaona ubovu ulikuwa mdogo tu, lakini kabla ya kukifunga alichora kila sehemu yake. Kisha, akisaidiana na fundi mwenzake Kisaburo Kawai, akaunda cha kwake.

Wawili hao walikitundika kinanda kwenye mti, wakakichukua mabegani kwa miguu kuelekea Tokyo, mwendo wa kilomita zipatazo 250, wakavuka milima ya Hakone. Reli ya njia hiyo ilikuwa haijakamilika. Walipofika kwenye chuo cha muziki, mkuu wa chuo Shuji Isawa alikisikiliza, akawaambia kwamba umbo ni zuri lakini sauti hazikulingana. Torakusu hakurudi nyumbani kwa hasira. Alibaki Tokyo kama mwezi mmoja, akajifunza elimu ya sauti, akarudi Hamamatsu kuunda kinanda cha pili. Hicho kilikubaliwa. Mwaka 1897 akaanzisha kampuni rasmi, ambayo leo ndiyo Yamaha.

Kisa hiki kina jambo la kukumbuka. Kinanda cha kwanza kilikataliwa kwa kuwa hakikufuata ulinganisho wa sauti wa Ulaya, ambao Japani ilikuwa imeamua kuufundisha mashuleni. Fundi alipaswa kujilinganisha na kipimo cha wengine. Tutaona kwamba jambo hilo linarudi baadaye kwa sura nyingine.

Fundi saa wa pili ni Ikutaro Kakehashi, aliyezaliwa Osaka mwaka 1930 na kufiwa na wazazi akiwa mdogo. Baada ya vita alitengeneza saa, kisha redio, kisha ala za umeme. Mwaka 1972 alianzisha kampuni ya Roland mjini Osaka, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilihamishia makao yake makuu Hamamatsu. Wakati huo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Kinanda cha kampuni moja hakikuweza kukiamuru kinanda cha kampuni nyingine, na mnunuzi ndiye aliyeumia. Mnamo 1981 Kakehashi alianza kuzungumza na watengenezaji wa Marekani juu ya lugha moja ya pamoja. Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits aliichukua kazi hiyo kwa bidii, na kampuni za Japani, zikiwamo Yamaha, Kawai na Korg, zikashiriki.

Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, kinanda cha Smith kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland. Mtu akipiga kimoja, viwili vinalia. Lugha hiyo ikaitwa MIDI. Haikuwa mali ya kampuni moja. Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy mwaka 2013. Kakehashi alifariki mwaka 2017, na Smith mwaka 2022.

UJUMBE WA NAMBA TATU

Wengi hudhani kwamba waya wa MIDI hupitisha sauti. La hasha. Hupitisha taarifa, kama vile mjumbe apelekaye amri iliyoandikwa. Mpigaji anapobonyeza kitufe, taarifa yenye namba tatu huondoka. Namba ya kwanza husema noti imeanza na iko katika chaneli ipi kati ya 16. Ya pili husema ni noti gani, kuanzia 0 hadi 127, ambapo noti ya do iliyo katikati ya piano hupewa namba 60. Ya tatu husema kitufe kimepigwa kwa nguvu kiasi gani, nayo hufika 127. Mpigaji anapoachia kitufe, taarifa nyingine huenda kusema noti imekwisha. Taarifa moja hutumia muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa kuwa kinachopita ni taarifa wala si sauti, inawezekana kuweka mlinzi njiani. Mlinzi huyo ndiye chekeche la noti. Anasimama langoni kati ya kinanda na ala itakayolia, na kila taarifa inapofika huikagua: wewe ni noti ya namba gani, umetoka chaneli ipi, umepigwa kwa nguvu kiasi gani? Aliyemo kwenye orodha hupita. Asiyemo huzuiwa, au huelekezwa kwenye lango jingine. Katika miaka ya 1980 Yamaha iliuza kisanduku maalumu cha kazi hiyo, kilichoitwa MEP4. Siku hizi kazi imehamia ndani ya kompyuta. Mwaka 2005 Yamaha iliinunua kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, yenye programu maarufu ya kutungia muziki iitwayo Cubase, na programu hiyo ina sehemu yake ya kuchekecha noti zinazoingia. Programu nyingine nyingi zinayo vilevile.

CHEKECHE LINAVYOTUNGA

Hapo mwanzo machekeche haya yaliwekwa kwa ajili ya usafi tu: kuzuia noti iliyoguswa kwa bahati mbaya, au kuzuia ala isipokee amri isiyoihusu. Ni kama chekeche la jikoni ambalo kazi yake ni kuondoa chuya na wadudu. Lakini kila mpishi ajua kwamba chekeche hufanya zaidi ya kusafisha. Nazi iliyokunwa ikichujwa mara ya kwanza hutoa tui zito, ikichujwa tena hutoa tui jepesi, na kila moja lina chakula chake. Ndivyo watungaji walivyogundua kwamba noti zilezile, zikipitishwa kwenye machekeche tofauti, hutoa nyimbo tofauti.

Njia ya kwanza ni kuchekecha kwa kimo cha sauti. Noti zote zilizo chini ya namba 60 hupelekwa kwenye gitaa la besi, na zilizo juu yake hupelekwa kwenye filimbi. Mpigaji mmoja akawa wawili. Mtungaji mwenye ubunifu huenda mbele zaidi: huchukua wimbo mzima wa filimbi, huupitisha pia kwa ala ya pili, lakini mlinzi wa ala hiyo huruhusu noti mbili za juu tu. Ala ya pili hunyamaza muda mrefu, na kila wimbo unapopanda kileleni huitikia, kama mtu ajibuye ng'ambo ya bonde.

Njia ya pili ni kuchekecha kwa nguvu ya pigo. Ngoma ya kawaida hupigwa kwa mapigo yote. Mlinzi wa ngoma ya pili huruhusu tu mapigo yaliyozidi nguvu ya 100. Mpigaji anapocheza polepole hakuna kinachotokea. Anapopandwa na hamasa, kishindo huongezeka chenyewe. Hapa hisia ya mkono wa binadamu ndiyo hufungua lango.

Njia ya tatu ni kuruhusu noti za mpangilio mmoja tu, mathalani tano kati ya kumi na mbili. Kuna namna mbili za kufanya hivyo, nazo hazifanani. Namna moja huisukuma noti iliyokosea mpaka kwenye jirani iliyoruhusiwa, hivyo vidole vyote hulia na hakuna kosa linalosikika. Namna ya pili huitupa noti hiyo kabisa na kuacha kimya mahali pake. Namna ya kwanza humfurahisha anayeanza. Ya pili ndiyo humfaidi mtungaji, kwa sababu vile vimya huzaa mdundo ambao hakuupanga. Mfululizo wa noti kumi na sita zinazofuatana bila pumzi, ukinyimwa sita katikati, huanza kuchechemea na kucheza.

Njia ya nne ni bahati. Mlinzi huambiwa aruhusu nusu tu ya noti zinazofika, bila kusema ni zipi. Wimbo unaorudiwa mara mia huwa haurudi ulivyokuwa, ingawa hauachi kuwa ule ule. Ni kama njia ya kwenda kisimani: ni moja kila siku, lakini wapitaji hubadilika.

Njia ya tano ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi za kwetu. Mfululizo mmoja wa noti hugawiwa kwa ala tano, na kila ala huwekewa mlinzi anayeruhusu noti moja tu. Kila ala peke yake hutoa mlio wa hapa na pale usio na maana. Zikilia pamoja, wimbo hutimia. Watu wa nchi za maziwa makuu wamefanya hivyo tangu zamani kwa makondere, zile tarumbeta za kibuyu au pembe za makasri ya kifalme, ambapo kila mpulizaji hushika zamu yake na hakuna aliye na wimbo mzima mikononi mwake.

NOTI ISIYOTAKA KUNYAMAZA

Kazi hii ina hatari moja ambayo kila anayeanza huipata. Noti ina taarifa mbili, ya kuingia na ya kutoka. Tuseme mpigaji amebonyeza noti, mlinzi akairuhusu. Kabla kidole hakijaondoka, mtungaji akabadilisha masharti ya lango. Taarifa ya kutoka inapofika, mlinzi huizuia kwa kuwa noti hiyo haimo tena kwenye orodha. Ala haikuambiwa iache, basi hulia bila kukoma, mpaka mtu akimbilie kitufe cha kuzima vyote.

Askari wa zamu atalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Aliyeandikwa kuingia lazima aruhusiwe kutoka, hata kama amri ya lango imebadilika akiwa ndani. Chekeche lililotengenezwa vizuri huweka daftari la noti zilizoingia, na huzipitisha zote kutoka. Anayetengeneza la kwake mwenyewe hana budi kukumbuka daftari hilo kabla ya jambo jingine lolote.

NDANI YA MAKUMBUSHO

Umbali mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni kuna Makumbusho ya Ala za Muziki ya Hamamatsu, yaliyofunguliwa mwaka 1995, ya kwanza ya umma nchini Japani kwa ala za muziki peke yake. Ala zaidi ya elfu moja zimewekwa wazi. Kuna za Asia, za Ulaya, za Afrika, kuna vinanda vya kale, na kuna sehemu ya ala za umeme. Mgeni huvaa vipokea sauti masikioni akasikiliza zinavyolia. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliutambua mji huu kuwa mji wa ubunifu katika muziki.

Jambo jema la makumbusho hayo ni kwamba ala za mbao na ngozi ziko chini ya paa moja na vinanda vya umeme, na hakuna zilizofichwa kama mambo ya aibu. Mgeni atokaye Afrika Mashariki, akisimama kati ya marimba na kinanda chenye tundu la waya wa MIDI, anaweza kukumbuka amadinda ya Buganda.

Amadinda ina mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana. Mmoja hupiga mfululizo wake, na wa pili hupachika noti zake katikati ya za mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vilivyoingiliana. Mpigaji wa tatu, aitwaye omukoonezi, ana mbao mbili tu za juu kabisa. Kazi yake ni kuusikiliza wimbo unaotoka kwa wenzake, kuchagua ndani yake noti mbili zilizo chini kuliko zote, na kila zinapotokea kuzipiga kwake, oktava mbili juu. Nyingine zote huziacha zipite. Kutokana na uchaguzi huo, juu ya mkondo wa amadinda huelea wimbo mpya ambao hakuna hata mmoja kati ya wale wawili aliyeupiga.

Huyo ndiye mlinzi wa lango. Ni chekeche la noti kwa kimo cha sauti, likifuatwa na kupandisha oktava, nalo lilifanywa kwa sikio na mkono pasipo waya wala umeme. Marehemu Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, aliifundisha sanaa hiyo kwa wenyeji na wageni mjini Kampala, na wapo wanaoiendeleza. Kijana anayejifunza kuchekecha noti kwenye kompyuta hatakiwi kudhani kwamba amepokea jambo geni kutoka ng'ambo. Amepokea chombo kipya cha kazi ya zamani.

KIPIMO CHA NANI?

Hata hivyo hapa ndipo penye tatizo, na ndipo kisa cha Torakusu Yamaha kinaporudi. Namba 128 za MIDI, kwa desturi ya viwanda, zimefungwa kwenye ulinganisho wa Ulaya, ambao hugawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa. Mafundi wa sauti huhesabu oktava kuwa na senti 1,200, kwa hiyo kila hatua ya piano ni senti 100. Kijana anayetaka sauti ya amadinda huambiwa aruhusu noti tano tu, kama vile vitufe vyeusi. Atapata hatua za senti 200 na 300. Lakini amadinda huigawa oktava katika sehemu tano zinazokaribia kulingana, yaani hatua moja ni kama senti 240. Kati ya 200 na 300 hamna 240. Chekeche haliwezi kutoa unga ambao haukuwekwa ndani yake.

Jambo hili si dogo. Katika harusi na sherehe nyingi za Afrika Mashariki, kinanda kimoja cha umeme kimechukua nafasi ya kundi zima la wapigaji. Watoto wanaokua wakisikia kinanda hicho huyaona marimba ya babu zao kuwa yamekosewa sauti. Mzee akifa na marimba yakaliwa na mchwa, kipimo chake hufa naye, kwani hakikuandikwa popote ila katika mbao na katika sikio lake. Baadaye hata mwenye nia njema hatakuwa na cha kulinganishia.

Dawa ipo, tena haihitaji kuitupa mashine. Mwaka 1992 iliongezwa kanuni ya MIDI inayoruhusu kila noti kulinganishwa upya, na mwaka 2020 likatangazwa toleo la pili la lugha hiyo, MIDI 2.0, linaloipa kila noti uwezo wa kubeba kimo chake kamili. Vinanda na programu kadhaa huweza kulinganishwa hivyo. Utaratibu wake ni huu: kwanza kurekodi kila ubao wa marimba ya mzee, mmoja mmoja, naye akiwapo kuthibitisha. Pili kupima kimo cha kila noti kwa programu ya kupimia. Tatu kuilinganisha ala ya kompyuta na vipimo hivyo. Ndipo, mwisho kabisa, machekeche yawekwe. Hapo mlinzi akiruhusu noti mbili za chini na kuzipandisha oktava mbili, sauti ya omukoonezi itatoka kwenye kompyuta, na mzee ataitambua.

Mwaka 1887 Torakusu alivuka milima akiwa na kinanda begani, akaambiwa ajilinganishe na kipimo cha wengine, naye akafanya hivyo kwa kuwa ndicho shule zilichotaka. Kijana wa leo mwenye kompyuta si lazima avuke milima hiyo. Kipimo anaweza kukichagua mwenyewe, mradi awahi kukiuliza kwa wanaokijua.

KWA MZAZI NYUMBANI

Mzazi aliyefanikiwa kumpatia mtoto kinanda kidogo cha umeme anaweza kuanza kazi hii bila kompyuta. Abandike vipande vya karatasi kwenye vitufe vitatu tu, na mtoto akatazwe kugusa vingine. Kwa siku chache atunge nyimbo kwa vitufe hivyo vitatu: wimbo wa kuamka, wimbo wa kwenda kuteka maji, wimbo wa kumlaza mdogo wake. Akiisha kushiba hivyo vitatu, abandikiwe cha nne. Mtoto aliyeanza hivi hujua kila noti ilikuja kufanya kazi gani, tofauti na yule aliyepewa vyote siku moja akaishia kuvigonga ovyo. Na ikiwa babu au jirani ana marimba, zeze au litungu, mtoto apelekwe akalisikilize kabla ya kurudi kwenye kinanda chake.

Huko Nakatajima, mwezi Mei ukifika, tiara ya mtoto wa kwanza hupandishwa angani kwa mikono ya mtaa mzima, na tarumbeta huwapa mwendo kwa noti zake nne au tano.